Picha Iliyoganda Kiooni: Funzo kwa Anayetaka Kununua Mashine ya Maunti

Jirani yetu mmoja wa Tanga, mstaafu wa reli, alipoteza picha ya pekee ya wazazi wake kwa sababu ya kifaa kinachoenea kiganjani. Hakuibiwa, nyumba haikuungua, wala mchwa hawakuigusa picha. Alinunua kikatio cha maunti kisichofaa kwa kazi aliyokuwa nayo, na kila dalili ya hatari ilipojitokeza aliipata sababu ya kuipuuza. Ameniruhusu niisimulie habari yake mradi nisimtaje jina, ili mwingine asije akalia kilio kama chake. Naisimulia kwa nia hiyohiyo. Simcheki, maana yaliyomponza ni mambo ambayo mimi nawe tunaweza kuyafanya wiki ijayo, tukiwa na simu mkononi na vijihela mfukoni.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Maunti ni ile kadi nene inayozunguka picha ndani ya fremu, yenye dirisha katikati ambamo picha huonekana. Wengi huidhani ni pambo tu. Pambo ni kweli, lakini ina kazi kubwa zaidi ya hiyo: huitenga picha na kioo. Kadi ya kawaida ya maunti ina unene wa karibu milimita 1.4, na nafasi hiyo ndogo ndiyo kinga ya picha. Uso wa picha iliyosafishwa studio una tabaka la jelatini. Jelatini hufyonza unyevu wa hewa, ikavimba na kunata. Ikiwa imebanwa kwenye kioo katika hali hiyo, hugandana nacho. Sisi wa pwani, ambao wakati wa masika hata chumvi ya mezani hulowa, tuna sababu ya kuiogopa hali hiyo kuliko wenzetu wa bara kukavu.

Ukiitazama kwa karibu maunti iliyokatwa vizuri, utaona kingo za dirisha hazikukatwa wima. Zimekatwa mshazari, kwa nyuzi 45, hata ule weupe wa ndani ya kadi unaonekana kama mstari mwembamba unaoizunguka picha pande zote. Kisu cha kawaida na rula havitoi mkato huo kwa usawa. Wembe lazima ushikwe na kitu kitakachoulaza kwa mwinamo uleule kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho, na hiyo ndiyo kazi ya mashine ya maunti.

Mashine hizo ni za namna nyingi. Vipo vikatio vya mkono, kama vinavyotengenezwa na Olfa ya Japani na Logan ya Marekani: kishikio kidogo chenye wembe uliolazwa, unachokipitisha kando ya rula ya chuma. Zipo mashine za ubao na reli: ubao mpana, reli ya alumini iliyofungwa juu yake, na kichwa cha kukatia kinachoteleza kwenye reli bila kuyumba. Logan hutengeneza zenye urefu wa inchi 32, yaani sentimita 81, na nyingine za inchi 40, yaani karibu sentimita 102. Kisha zipo kubwa za karakana, kama za Keencut ya Uingereza, na zile zinazoendeshwa kwa kompyuta, kama za Gunnar ya Uswisi na Valiani ya Italia. Hizo za mwisho si za sebuleni. Anayekata nyumbani huchagua kati ya kikatio cha mkono na mashine ya reli, na jirani yetu, pamoja na miaka yake yote kazini, alichagua kisicho na reli.

Binti yake wa mwisho alikuwa akiolewa. Mzee alitaka wageni wakiingia sebuleni waione familia nzima ukutani: picha za rangi za sentimita 10 kwa 15 za watoto shuleni, chache za sentimita 20 kwa 25, na katikati ya zote, ile moja ya wazazi wake. Ilikuwa picha ya studio, nyeusi na nyeupe, kingo zake zimechongwa meno kama ilivyokuwa desturi zamani. Baba amesimama na kanzu na koti, mama ameketi, nyuma yao pazia lililochorwa nguzo na maua. Negativu haikuwapo tena. Nakala nyingine haikuwapo.

Alikwenda kwa fundi fremu wa mjini kuulizia bei. Fundi akamtajia bei ya fremu moja pamoja na maunti yake, naye akaizidisha kwa idadi ya picha, akaona ni nyingi. Hesabu yake haikuwa ya kijinga. Mtu mwenye picha nyingi na muda wa kutosha anaweza kuokoa fedha kwa kukata maunti mwenyewe, na ni kazi inayoburudisha roho. Alipomwambia fundi kwamba atanunua mashine akate nyumbani, fundi hakununa.

"Kata tu, mzee wangu, si vibaya," alisema. "Ila usiagize kitu hujakishika. Na wembe wake uulizie kwanza, hapa mjini unauzwa wapi."

Mzee alitoka pale akiamini kwamba fundi anatetea ugali wake. Ushauri ule ndio uliokuwa wa kwanza katika mlolongo wa maonyo yaliyompita, nami nataka tusimame hapa kidogo. Mtu anayeishi kwa kazi fulani huweza kuwa na maslahi yake, na bado akasema kweli. Fundi hakumwambia asinunue. Alimwambia mambo mawili mahususi yanayoweza kuhakikishwa kwa nusu saa ya kuzunguka madukani. Ushauri wa namna hiyo ukipewa, hata na mtu unayemshuku, uhakikishe. Ukiwa wa uongo utajulikana hapohapo, na hutakuwa umepoteza kitu.

Onyo la pili lilikuwa kwenye tangazo lenyewe. Mzee aliliona kwenye simu: kikatio kizuri cha kung'aa, rangi mbili, bei ya kuvutia, na video fupi ya mkono ukikata. Nimeoneshwa video hiyo. Mkono unapita haraka kwenye kadi, kisha ghafla unaona picha iko ukutani ndani ya fremu. Kona hazioneshwi hata mara moja kwa karibu. Yeyote aliyewahi kuitazama kazi hii anajua kwamba mstari ulionyooka si kipimo. Kipimo ni kona. Muuzaji wa mashine ya maunti asiyekuonesha kona ni kama muuzaji wa mtumbwi anayekuonesha mtumbwi ulio nchi kavu. Hata mimi ninayeandika haya, kama ningeitazama video ile nikiwa na shauku ya kununua, sidhani kama ningegundua kilichokosekana. Shauku hutazama kilichopo tu. Kwa hiyo tujizoeze kujiuliza: ni nini ambacho sikuoneshwa?

Onyo la tatu ni kwamba kifaa hakikuwa na jina. Hakikuandikwa kampuni, wala toleo, wala namba ya wembe. Hili linaonekana dogo, lakini lina uzito wake. Nyembe za maunti si nyembe za kunyolea. Kila kampuni ina zake, zenye unene, urefu na matundu yake. Za Logan, kwa mfano, zina namba, kama 270 na 1258, na kila mashine huandikiwa ni namba ipi inayoifaa. Kifaa kisicho na namba ya wembe ni kifaa cha kutupwa siku wembe utakapokwisha makali, na makali ya wembe wa maunti huisha upesi kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu kadi ni nene na wembe unaipita ukiwa umelala. Mafundi hubadilisha wembe bila huruma. Wakiona ukingo wa kadi umeanza kutoka nyuzinyuzi, wanaweka mpya. Kifaa cha mzee kilikuja na nyembe mbili tu.

Kilipofika, kikaleta onyo la nne, na hili lilikuwa la kushikika kwa vidole. Mzee anasema alipoubonyeza wembe kwa kidole gumba, kichwa kililegea kidogo, kikaenda kulia na kushoto kama unene wa ukucha. Alidhani kitakaza chenyewe kikizoea. Hakuna chuma kilicholegea kikakazwa na matumizi. Ukitaka kukipima kikatio dukani, usihangaike na rangi wala boksi lake. Kishike, bonyeza wembe ukiwa umeufunga, uangalie kama unacheza. Ukicheza, kirudishe. Wembe unaocheza huingia kwenye kadi ukiwa umepinda, kisha hujinyoosha ukishatembea kidogo, na matokeo yake ni mkato unaoanza na kijikombo kwenye kona kabla haujashika mstari. Kijikombo hicho hakifichiki. Kitakaa pembeni mwa picha na kumkodolea macho kila mgeni.

Onyo la tano lilimjia kwa umbo la kadi. Kadi ya maunti huuzwa kwa karatasi kubwa, mara nyingi za sentimita 81 kwa 102, na kabla ya kukata dirisha lazima uigawe vipande vya ukubwa wa fremu. Mashine nyingi za reli zina mkono wa kunyooshea pembe na kichwa cha pili cha mkato wa wima kwa kazi hiyo. Kikatio cha mkono hakina. Mzee aliigawa kadi yake juu ya meza ya kulia kwa kisu na rula ya mbao ya shuleni, na vipande vilitoka na upande mmoja mrefu kuliko wenzake. Hapo kazi ilikuwa imeshaharibika kabla haijaanza, kwa sababu dirisha hupimwa kutoka kwenye kingo za nje. Kingo zikiwa hazina pembe mraba, dirisha litakaa upande hata kama mkono wako ni wa malaika. Aliiona kasoro hiyo. Alijiambia fremu itaifunika.

Basi akaanza kukata. Nieleze kidogo jinsi dirisha linavyokatwa, maana bila hilo hatutaelewa alipokwamia. Kadi hulazwa kifudifudi, uso wake mzuri chini, juu ya kipande kingine cha kadi kisicho na thamani ili wembe uwe na pa kuzama. Mistari huchorwa kwa penseli upande wa nyuma, nayo huvushwa hadi kwenye kingo ili ikatane kwenye kona. Dirisha hufanywa dogo kuliko picha kwa kama milimita 3 kila upande, ili kadi iishike picha isiponyoke. Picha ya sentimita 20 kwa 25, kwa mfano, hupewa dirisha la karibu sentimita 19.4 kwa 24.4. Wembe huingizwa kwenye mstari, ukalazwa, ukapitishwa kwa mwendo mmoja bila kusita hadi kona ya pili.

Ugumu uko pale mwanzo na pale mwisho. Kwa kuwa wembe umelala nyuzi 45, ncha yake hutokea upande wa mbele ikiwa imesogea kwa kiasi kilekile cha unene wa kadi. Ukiusimamisha wembe hasa kwenye mstari wa penseli, upande wa mbele kona haijakatika, na ukilivuta dirisha litoke, kadi huchanika. Ukiupitiliza sana, unabaki na mkwaruzo unaotoka kwenye kona na kuingia usoni mwa maunti. Kati ya kupungukiwa na kupitiliza kuna milimita moja na kitu. Mashine nzuri za reli huwa na vizuizi unavyovifunga mara moja, kisha kila mkato huanza na kuishia mahali pamoja. Kikatio cha mkono kilicho kizuri huwa na alama ubavuni ya kukuonesha pa kuanzia na pa kuishia. Cha mzee hakikuwa na kimojawapo.

Dirisha la kwanza lilitoka na vijikombo kwenye kona zote nne. Hili lilikuwa onyo la sita, na naliona ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu lilisemwa na kazi yenyewe. Mzee alilitazama akasema, "Mkono wangu bado." Akajaribu tena, na tena. Kila mara kombo lilikuwa upande uleule, kwa ukubwa uleule. Ndugu msomaji, hapa pana jambo la kushika. Mkono usiozoea hukosea huku na huku: leo umepitiliza, kesho umepungukiwa, mstari huu umeyumba, ule umenyooka. Kifaa kibovu hurudia kosa moja bila kuchoka. Ukiona kosa halibadiliki ingawa wewe unabadilisha namna ya kushika, acha kujilaumu, kichunguze kifaa. Kuna unyenyekevu mzuri wa mwanafunzi, lakini upo pia unyenyekevu unaomfanya mtu abebe lawama ya muuzaji.

Wembe wa kwanza ukaisha makali, wa pili nao ukafuata. Alizunguka madukani akiuliza, sawa na fundi alivyomshauri, ila sasa ilikuwa baada ya kununua. Hakuupata. Akarudi nyumbani akaunoa ule wa zamani kwenye kinoo cha visu vya jikoni. Wembe wa maunti haunolewi kwa namna hiyo. Ncha yake ndiyo inayotangulia kupasua kadi, na kinoo cha jikoni huila ncha kwanza. Kuanzia hapo kadi ilikuwa ikivutika badala ya kukatika, na ule mstari mweupe wa kupendeza ukawa na manyoya.

Ili kuondoa vijikombo, alianza kuyapanua madirisha. Anapunguza milimita mbili upande huu, kona ya pili inaharibika, anapunguza na upande ule. Kwa picha za watoto haikuwa taabu sana. Alizikubali zilivyo, na kwa mbali hazikuonekana vibaya. Ya wazazi aliiacha mwisho, akitaka mkono uwe umeshazoea. Ilikuwa hekima kuiacha mwisho, lakini wembe pia ulikuwa umefika mwisho wake. Dirisha la picha ile lilipanuliwa hadi likawa kubwa kuliko picha. Kadi iliyobaki ilikuwa vipande vipande. Harusi ilikuwa kesho yake.

Akafanya jambo ambalo wengi wetu tungelifanya. Aliitia picha kwenye fremu bila maunti, uso wake ukigusa kioo, akaikandamiza kwa hadibodi nyuma, akakaza visumari. Alijiambia ni kwa muda tu, harusi ikipita atairekebisha. Wageni walikuja, waliisifu, na watu wazima waliowajua wazazi wake walisimama mbele yake wakakumbushana mengi. Harusi ikapita. Fremu ikabaki ukutani, kwa sababu kilicho ukutani na kinachopendeza hakimkumbushi mtu kwamba kina deni.

Masika yalipokuja, onyo la mwisho likajitokeza. Kwenye koti la baba palitokea mabaka yanayong'aa, kana kwamba kioo kimelowa kwa ndani. Mzee alikifuta kioo kwa nje, mabaka hayakutoka. Hizo ndizo sehemu ambazo jelatini ilikuwa imeshagusana na kioo na kuanza kukishika. Dalili ya mvua ni mawingu, na haya yalikuwa mawingu mazito, lakini nani kati yetu alifundishwa kuyasoma? Yeye aliona vumbi. Miezi ikapita, mabaka yakapanuka. Siku alipofungua fremu ili asafishe, picha ilikuwa imeng'ang'ania. Akaivuta. Ikatoka kwa sauti ya karatasi inayobanduka, na uso wa mama yake ukabaki kwenye kioo.

Ikiwa una picha nyumbani iliyokwisha kuganda, nakusihi usiivute. Usiilowanishe kwa maji, usiichokoe kwa kisu, usiipashe moto. Iache na kioo chake, ipige picha nzuri au iskaniwe hivyohivyo kupitia kioo, kisha ihifadhi mahali pakavu. Nakala itakayopatikana itakuwa na kasoro, lakini itakuwa na sura za wenyewe.

Sasa tugeukie uchaguzi, kwa yule ambaye bado hajanunua.

Anza na picha zako, si na mashine. Zitandaze mezani, uzihesabu, upime iliyo kubwa kuliko zote, uongeze upana wa maunti pande zote. Picha ya sentimita 20 kwa 25 yenye maunti ya sentimita 6 kila upande inahitaji kadi ya karibu sentimita 32 kwa 37. Huo ndio ukubwa ambao mashine yako lazima iuweze bila taabu. Kama kazi zako zote ni za namna hiyo, huna haja ya reli ya sentimita 102. Lakini kama utakuwa unanunua kadi nzimanzima na kuzigawa mwenyewe, jiulize utazigawia wapi na kwa kifaa gani. Mashine fupi ni nafuu na haijazi chumba, ila lazima uwe na duka la kukugawia kadi kwanza.

Idadi nayo ina neno. Mtu mwenye picha tatu au nne hana sababu ya kununua mashine yoyote. Fundi atamkatia kwa fedha kidogo kuliko bei ya kikatio na kadi za kujifunzia. Maana kadi za kujifunzia lazima ziwepo kwenye hesabu. Mzee hakuziweka. Alinunua kadi za kazi tu, akajifunzia juu ya hizohizo, na ndiyo maana zilimwishia mkesha wa harusi. Mwenye picha kumi au ishirini na nia ya kuendelea, huyo mashine ndogo ya reli itamlipa. Kikatio cha mkono kinamfaa mwenye kazi chache, mwenye subira na rula nzito ya chuma yenye mpira chini isiyoteleza, naye akubali kwamba kona zake zitachukua muda kunyooka.

Nyembe zitafute kabla ya mashine. Uliza mjini kwako, uliza kwa fundi, uliza kwa anayesafiri. Kama hazipatikani karibu, agiza za kutosha pamoja na mashine yenyewe, ziwe za namba iliyoandikwa kwenye maelezo yake. Kisha omba kuiona kona. Kama ni dukani, mwombe muuzaji akate kipande kimoja mbele yako. Kama ni kwa mtu anayeuza iliyotumika, nenda na kipande chako cha kadi. Mashine iliyotumika ya kampuni inayojulikana, yenye reli iliyonyooka na kichwa kisicholegea, mara nyingi ni bora kuliko mpya isiyo na jina.

Kadi yenyewe pia ina ubora wake. Kadi za bei ya chini sana huwa na asidi, ambayo baada ya miaka huacha mstari wa kahawia kuzunguka picha pale kadi ilipoigusa. Kwa picha unayoithamini, ulizia kadi isiyo na asidi. Ipo hata kanuni ya kimataifa, ISO 18916, inayotumika kupima kama kadi au gundi inadhuru picha. Ukiiona imetajwa kwenye maelezo, ni dalili njema. Wala usiibandike picha kwa selotepu. Gundi yake hugeuka manjano na kupenya hadi usoni. Tumia vikona vya plastiki angavu vinavyoishika picha pembeni bila gundi kuigusa.

Na liko moja ambalo, kama mzee angelifanya, hata mashine mbovu isingemdhuru. Picha isiyo na nakala isitundikwe. Iskaniwe, isafishwe nakala nzuri, nakala ndiyo iingie kwenye fremu na kukutana na kioo, mwanga na masika. Ya asili ikae kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, ndani ya sanduku, mahali pakavu na pa giza. Nakala ikiharibika utasafisha nyingine.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma hela, chukua karatasi uandike: picha zangu ni ngapi, kubwa ina ukubwa gani, kadi nitaipata wapi na nani atanigawia, wembe wa mashine hii una namba gani na unauzwa wapi, na kona iliyokatwa na mashine hii nimeiona kwa macho yangu au sikuiona. Pale utakaposhindwa kujibu, usinunue bado. Mpelekee fundi picha zako, umlipe haki yake, umwombe ukae pembeni utazame anavyokata. Mafundi wengi hawana choyo na ujuzi wao kwa anayekuja kwa adabu, na kuuliza si ujinga.